Motschulsky ni nani, na jina lake limefikaje kwenye fukusi wa mahindi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi hapa Makambako. Binti yangu anasoma stashahada ya kilimo, na alipokuja likizo alinionyesha kitabuni picha ya fukusi, huyu huyu anayenilia mtaji. Chini yake wameandika "Sitophilus zeamais Motschulsky". Mimi nilidhani Motschulsky ni kampuni ya dawa, binti anasema ni Mrusi wa zamani. Huyo Mrusi ni nani hasa, na je, ndiye aliyetuletea mdudu huyu? Binti naye anauliza kwa nini wadudu wengine jina la mtu liko kwenye mabano na huyu hana mabano. La mwisho ni langu: mwaka huu nilinunua magunia mapya, ghala nikalifagia na kulipiga dawa, na bado wiki ya sita nikakuta fukusi wanatembea juu ya magunia. Walitoka wapi?

JIBU: Marahaba mama, na mpe binti hongera zangu. Wanafunzi wengi hulipita lile neno la mwisho kama doa la wino. Mimi nimezeeka na wadudu wa ghalani, na jina la Motschulsky nimeliandika mara nyingi kuliko majina ya baadhi ya shemeji zangu, lakini walioniuliza huyo bwana ni nani hawafiki watano.

Tuanze na matamshi, maana binti atalikuta kwenye mtihani: Mo-chul-ski. Ule msururu wa herufi t-s-c-h ni tahajia ya Kijerumani. Warusi wana herufi moja tu kwa sauti hiyo. Viktor Ivanovich Motschulsky alizaliwa St. Petersburg mwaka 1810 na akafia Simferopol, kule Krimea, mwaka 1871. Hakuwa profesa wala mkulima. Alikuwa mwanajeshi wa Tsar, akapanda hadi ukanali, na mapenzi yake yalikuwa mbawakawa, yaani wale wadudu wenye mbawa mbili ngumu juu zinazofunika mbawa laini chini. Fukusi naye ni mbawakawa, ila ana ule mdomo uliorefuka mbele kama mkonga.

Zamani zile hapakuwa na ajira ya "mtaalamu wa wadudu" kama tunavyoijua. Kazi hiyo ilifanywa na madaktari, mapadri, matajiri na maafisa wa jeshi baada ya saa za kazi. Hata hilo jina Sitophilus lilitolewa mwaka 1838 na Mswidi aitwaye Schönherr, ambaye riziki yake ilikuwa kiwanda cha hariri cha familia huko Stockholm. Kwa hiyo jenasi ya fukusi, yaani kundi la wadudu wa karibu linalotoa neno la kwanza la jina, ilipewa jina na mfanyabiashara mwenzako.

Motschulsky alibahatika kuzaliwa ndani ya dola kubwa kupita kiasi. Urusi ya siku zake ilianzia Finland na Poland, ikapita Siberia nzima, ikavuka bahari hadi Alaska, ambayo iliuzwa kwa Marekani mwaka 1867 tu. Afisa wa jeshi mwenye macho makali na chupa ya spiriti mfukoni alikuwa na uwanja wa kutosha. Alikusanya Kaukasia, na mwaka 1838 akachapisha orodha ya mbawakawa wa huko. Mwaka 1839 na 1840 alisafiri Siberia, na matokeo ya safari hiyo yakachapishwa na Chuo cha Sayansi cha St. Petersburg mwaka 1844. Baadaye alizunguka Ulaya, na mwaka 1853 na 1854 akawa Marekani na Panama. Safarini alikuwa akimwandikia barua ndefu Édouard Ménétries, Mfaransa aliyekuwa akitunza wadudu kwenye makumbusho ya St. Petersburg. Barua hizo alizichapisha mwenyewe, kwenye jarida lake mwenyewe.

Hilo jarida linastahili maneno mawili. Liliitwa Études entomologiques, lilitoka kuanzia 1852 hadi 1862, na sehemu kubwa lilichapwa Helsinki, ambao wakati huo ulikuwa mji wa dola ya Urusi. Aliliandika kwa Kifaransa, na sifa za wadudu akizieleza kwa Kilatini, kama ilivyokuwa desturi. Mwandishi mkuu alikuwa Motschulsky, mhariri Motschulsky, na kama kuna aliyesema "hapana, hii rudia", basi ni Motschulsky huyo huyo. Binti akikua kitaaluma ataelewa kwa nini jambo hilo ni la hatari. Sisi wengine makala zetu zinarudishwa na wasomaji wasiotujua, zimechorwa nyekundu kila mstari. Inauma, lakini inaponya.

Wadudu hawakutoka mikononi mwake tu. Kule Beijing palikuwa na misheni ya Kanisa la Othodoksi la Urusi, na ndani yake walikuwamo daktari Tatarinov na mtumishi mmoja aitwaye Goshkevich, ambao wakati wa faragha waliokota wadudu nje ya mji. Mzigo ukafika kwa Motschulsky. Ndani yake mlikuwa na mdudu mweusi mwenye madoa meupe na pembe ndefu kuliko mwili, akampa jina glabripennis mwanzoni mwa miaka ya 1850. Miaka 140 na ushee baadaye, mwaka 1996, mdudu huyo aligunduliwa Brooklyn, New York, akitoboa miti ya barabarani, na tangu hapo Wamarekani wamekata miti maelfu kwa maelfu kujaribu kummaliza. Sasa anaitwa Anoplophora glabripennis, na kila ripoti ya maafisa wao wa misitu ina jina la kanali wetu mwishoni.

Goshkevich yeye aliendelea hadi Japani. Alikuwa mkalimani kwenye msafara wa Admirali Putyatin, msafara uliokwenda kugonga mlango wa Japani wakati nchi hiyo bado imejifungia, na mwaka 1858 akawa balozi mdogo wa kwanza wa Urusi mji wa Hakodate. Huko nako hakuacha kuokota. Kwa njia kama hizo wadudu kadhaa wa Japani ambao Wajapani wenyewe wanawaimbia nyimbo walipata majina yao ya kisayansi Urusi. Kimulimuli wao maarufu wa mtoni, wanayemwita genji-botaru, aliandikwa na Motschulsky mwaka 1854. Yule mdogo wa mashamba ya mpunga, heike-botaru, akafuata mwaka 1860. Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, aliiandikia katalogi nzima ya wadudu katika miaka ya 1860.

Sasa nifike penye fukusi. Mwaka 1855 Urusi iko vitani Krimea, Tsar Nikolai I amefariki Machi, Sevastopol imezingirwa. Kwetu huku Seyyid Said bado ndiye sultani wa Unguja na amebakiza mwaka mmoja wa kuishi. Mwaka huo Motschulsky alitoa toleo la nne la jarida lake, na katika kurasa zake akamtaja mdudu wa nafaka na kumpa jina Sitophilus zeamais. Zea mays ni jina la kisayansi la mhindi, mmea wenyewe. Kwa hiyo jina zima unaweza kulisema hivi: mpenda nafaka wa mahindi.

Wenzake hawakushtuka. Wengi walisema, huyu mbona ni yule yule aliyeandikwa na Linnaeus, Mswidi aliyeanzisha mtindo huu wa majina, mwaka 1763 akiitwa Curculio oryzae, fukusi wa mchele? Na kwa macho tu, kweli, huwezi kuwalaumu. Wote wawili ni wa kahawia iliyokolea, wote urefu ni milimita tatu hivi, wote wana madoa manne mekundu-machungwa mgongoni. Zaidi ya hapo, sifa ya Motschulsky ilikuwa imekwisha kuharibika. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha maisha yake, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kanuni ya majina ya viumbe ni rahisi: jina la kwanza lililochapishwa pamoja na maelezo ndilo linaloshika. Ukija wa pili, hata kama jina lako ni tamu, umechelewa. Ni kama mtoto aliyekwisha kupewa jina na bibi yake. Shangazi anayefika arobaini haendi kumbatiza upya. Basi Motschulsky alikuwa shangazi wa namna hiyo. Alitoa majina kwa wadudu waliokuwa nayo tayari, kwa sababu hakuwa na subira ya kusoma waliotangulia, au alisoma na kupuuza. Wakati mwingine alitoa jina bila maelezo kabisa, neno tupu kwenye orodha. Jina la hivyo halihesabiki. Kitabu chake cha mwaka 1850 kuhusu mbawakawa wa Urusi, alichokiandika kwa Kijerumani, kina majina matupu ya aina hiyo si haba. Na pale alipoeleza, mara nyingi alieleza kwa mistari michache ambayo ingeweza kumfaa mdudu yeyote mweusi wa ukubwa huo.

Wapo wanaomtetea. Wanasema alikuwa na vitu vingi mno mezani, kutoka Amur, Alaska, Beijing, Ceylon, na maktaba zilikuwa mbali. Sawa, lakini mtu kama Hesabu Carl Gustaf Mannerheim, gavana kule Finland, aliandika mbawakawa wa Alaska hiyo hiyo, naye alikuwa na shughuli za serikali kichwa hadi miguu, na kazi yake ni safi hadi leo. Kwa hiyo mimi simsamehe Motschulsky kwa wepesi. Alikuwa na haraka. Alipenda kutoa majina kuliko alivyopenda kuhakikisha, na waliokuja nyuma walitumia miaka mingi kufagia.

Kilichomwokoa ni kwamba hakutupa wadudu wenyewe. Sehemu kubwa ya mkusanyiko wake ipo hadi leo kwenye Makumbusho ya Zoolojia ya Chuo Kikuu cha Moscow, wamechomwa pini. Maneno yake yakiwa hayaeleweki, mtaalamu anakwenda Moscow, anafungua sanduku, anamtazama mdudu yule yule ambaye Motschulsky alimshika. Kielelezo kilichopigwa pini hakibishani na mtu. Nimewahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba afadhali maelezo mabaya na mdudu aliyehifadhiwa kuliko maelezo mazuri na mdudu aliyeliwa na mchwa. Walicheka, lakini ghala letu la vielelezo lilipoingiwa na mchwa mwaka mmoja, kicheko kiliisha.

Turudi kwa fukusi. Jina zeamais lililala. Dunia nzima ikawa inaandika Calandra oryzae au Sitophilus oryzae kwa kila fukusi anayeruka, awe kwenye mchele, ngano, mtama au mahindi. Ukikuta ripoti ya kilimo ya miaka ya 1940 inayozungumzia mahindi ikatumia jina hilo, usimlaumu mwandishi. Halafu vidokezo vikaanza kujikusanya. Japani, mtu aitwaye Takahashi aliona kuna fukusi wakubwa na wadogo, na mwaka 1928 akampa mdogo jina jipya, sasakii. Australia, mwaka 1944, Birch akaandika kuhusu "aina mbili" za fukusi wa mchele, kubwa na ndogo. Mwaka 1959 Floyd na Newsom wa Marekani wakatazama viungo vya uzazi na kuthibitisha kwamba hawa ni spishi mbili, wala si mkubwa na mdogo wa ukoo mmoja. Lakini nani aitwe nani? Mwaka 1961 Guillermo Kuschel, bingwa wa fukusi aliyetokea Chile, akaketi na majina yote ya zamani akayapanga. Mdogo ndiye oryzae wa Linnaeus. Lile jina la Takahashi likafa, kwa sababu mdogo alikuwa na jina tayari. Na mkubwa? Jina lake halali la kwanza lilikuwa limelala kwenye jarida la kanali Mrusi kwa miaka 106.

Usije ukasema Motschulsky aliona kile ambacho wengine hawakukiona. Mtu anayetupa mawe mia gizani, moja litampata mbwa. Ila jiwe hilo lilitupwa, na tarehe yake ipo.

Binti anaweza kuwatenganisha mwenyewe chuoni, na ningependa ajaribu, maana ni kazi tamu. Achukue fukusi dume. Dume atamjua kwa mdomo: wa dume ni mfupi, mnene na una vishimo vingi; wa jike ni mrefu, mwembamba na unang'aa. Amloweke kwenye maji ya moto hadi alainike, kisha kwa sindano mbili nyembamba, chini ya hadubini, afungue sehemu ya nyuma ya tumbo na kutoa uume wake. Ni kitu kidogo mno, kama mtumbwi wa rangi ya asali uliopinda. Augeuze mgongo juu, mwanga uje kutoka pembeni. Akiona mifereji miwili inayokwenda sambamba mgongoni, huyo ni zeamais. Ukiwa laini na unang'aa bila mfereji, huyo ni oryzae. Mara ya kwanza atauvunja. Mimi nilivunja kama kumi kabla sijatoa mmoja mzima, na huyo mmoja nilimpuliza kwa chafya.

Kuhusu mabano, sheria ni hii. Jina linalokuja baada ya jina la mdudu ni la mtu aliyempa spishi jina. Kama bado mdudu yuko kwenye jenasi ile ile aliyowekwa na mtu huyo, jina linakaa wazi. Kama baadaye amehamishiwa jenasi nyingine, jina la mtu linafungwa kwenye mabano ili msomaji ajue kulikuwa na uhamisho. Linnaeus alimwita fukusi wa mchele Curculio. Leo yuko Sitophilus, kwa hiyo binti atakuta (Linnaeus) ndani ya mabano. Motschulsky alimweka fukusi wa mahindi ndani ya Sitophilus tangu siku ya kwanza na hakuna aliyemhamisha. Ndiyo maana yuko wazi. Kwa mtu mwenye sifa ya fujo, hapa alipatia vizuri.

Dumuzi ni mfano mwingine. Yule mweusi kama silinda, anayegeuza mahindi kuwa unga, anaitwa Prostephanus truncatus (Horn). Horn alikuwa daktari wa Philadelphia, akamwandika mwaka 1878 kwenye jenasi nyingine, Dinoderus. Akahamishwa, mabano yakaja.

Na sasa swali lako, mama, kama Mrusi ndiye aliyetuletea mdudu. La. Kumpa mdudu jina hakumhamishi hata hatua moja. Huyo dumuzi ndiye mgeni wa kweli: kwao ni Mexico na Amerika ya Kati, akaingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Tabora walikuwa wanalia naye. Watu wakamwita Skania, kama yale malori, na sijaona jina la kisayansi lililomfaa zaidi ya hilo. Fukusi ni mkongwe kuliko wote. Hata hilo neno zeamais linampotosha msomaji. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walitangaza kwamba wamekuta alama za fukusi huyu ndani ya vyungu vya kale vya utamaduni wa Jomon katika kisiwa cha Tanegashima. Vyungu hivyo vilifinyangwa miaka zaidi ya 10,000 iliyopita. Udongo ukiwa bado mbichi, fukusi walikandwa humo. Chungu kilipochomwa wakaungua, na matundu yakabaki na umbo lao, mdomo, miguu na vyote. Baadaye kisiwani Hokkaido kikapatikana chungu kimoja chenye alama za fukusi mamia.

Miaka 10,000 iliyopita Japani haikuwa na mahindi. Haikuwa hata na mpunga. Watu waliweka akiba ya njugu za mialoni na za miti mingine, na fukusi alikuwa akila hizo. Mahindi alikutana nayo baada tu ya Wazungu kuyatoa Amerika na kuyatawanya, yaani juzi. Tusimcheke sana Motschulsky kwa jina lake, lakini. Sisi wenyewe zao lililotoka Mexico tunaliita mahindi, kana kwamba limetoka India.

Sasa ghala lako. Hapa tofauti ya zeamais na ndugu yake inaingia mfukoni mwako. Fukusi wa mahindi anaruka vizuri, na hasubiri ghala. Mahindi yakianza kukauka yangali shambani, maganda yakiwa yamefunguka kidogo nchani, anaruka kutoka kwenye vihenge vya jirani na kutua kwenye gunzi. Jike anachimba tundu kwenye punje kwa ule mdomo, anataga yai moja, kisha anaziba tundu kwa ute unaoganda ukawa na rangi ya punje. Huoni kitu. Anaweza kutaga mayai hadi 150 maishani mwake, punje baada ya punje. Buu anakula humo ndani, anageuka pupa humo ndani, na siku anapotoka ndipo unaona lile tundu la mviringo. Katika joto la nyuzi 27 hivi, toka yai hadi fukusi mzima ni kama siku 35. Kwa baridi ya Makambako anachukua muda mrefu zaidi.

Ukihesabu wiki zako sita, jibu linajitoa lenyewe. Magunia yalikuwa mapya, ghala lilikuwa safi, na fukusi uliwanunua pamoja na mahindi wakiwa bado mabuu ndani ya punje. Dawa uliyopiga ukutani haikuwagusa. Hata dawa ya vumbi ukichanganya na mahindi haimfikii aliyeko ndani. Inamngoja atoke, ndiyo maana lazima ichanganywe punje zote na si kunyunyiziwa juu ya rundo.

Ushauri wangu ni huu. Mahindi yenye unyevu usiyafunge. Asilimia 13 ndiyo lengo, na kama huna kipimo, chukua chupa kavu ya kioo, tia kiganja cha mahindi na kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika mbili tatu, acha itulie. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, hayo bado. Ya kukaa muda mrefu weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani ya gunia, na kila nailoni uifunge peke yake hadi isitoe hata mluzi. Buu aliyeko ndani ya punje naye anapumua. Hewa ikiisha, naye ameisha. Usiwe unafungua kila wiki kuangalia.

Na kabla hujamlipa mkulima, chota mahindi kutoka katikati ya gunia, si juu, yamwage kwenye beseni la maji na ukoroge. Punje nzima zinazama. Zilizoliwa ndani nyingi zinaelea, hata kama tundu halijatokea. Kaa na beseni lako hapo hapo kwenye mzani, hesabu zinazoelea mbele ya muuzaji, kisha ndipo mzungumze bei.